Beseni Si Dawa ya Paa



Mtu akiniuliza nyumba yetu ilianza kuharibika siku gani, siwezi kumjibu. Lakini akiniuliza ni siku gani mimi nilianza kuisaidia iharibike, hiyo naijua vizuri. Ni usiku ule nilipolisikia tone la kwanza likianguka sebuleni, nikaamka, nikaweka beseni chini yake, nikarudi kulala.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu babu yangu, nayo iko katika mteremko wa kilima cha Lubaga, mahali ambapo kengele za kanisa kuu husikika bila kutega sikio. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, paa lake la mabati lenye migongo miwili, sebule moja kubwa na vyumba vinne. Babu aliijenga kabla baba yangu hajazaliwa. Hivi sasa anayekaa humo ni Jajja, yaani bibi yetu, pamoja na watoto wawili wa shangazi, na sisi wengine wakati wa likizo.

Baada ya usiku ule tone moja likawa matatu, na mabeseni yakawa matatu. Mvua ikinyesha usiku Jajja aliyamwaga mwenyewe bila kumwamsha mtu. Mimi nilirudi shuleni, na muhula ule nilipata alama nzuri katika fizikia. Naomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Likizo ya mwezi wa Desemba nilipokuwa napanda kutoka barabarani na sanduku langu, niliinua macho nikaiona nyumba yetu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kilele cha paa, ambacho zamani kilikuwa kimenyooka kama uzi, kilikuwa kimebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kila mtu amekwisha kukiona. Kila mtu alikiona, na hakuna aliyekitaja, maana atajaye jambo la namna hii huulizwa mara moja, "Basi wewe utatoa nini?"

Baada ya Krismasi ukafanyika mkutano wa ukoo. Baba mkubwa, ambaye ndiye mrithi wa babu tangu siku ya kumaliza matanga, alisema maneno yaliyokuwa na akili. Alisema kwamba nyumba imezeeka. Kwamba kutengeneza kitu kikuukuu ni kumwaga maji katika pakacha. Kwamba kiwanja kile, kwa kuwa ni karibu na mji, chaweza kujengwa safu ya vyumba vya kupangisha, vile ambavyo Waganda huviita mizigo, jina ambalo kwa Kiswahili lina maana yake. Jajja angehamia kwa shangazi huko Masaka, apumzike. Shangazi akasema nyumba yake iko wazi. Baba yangu akanyamaza. Jajja mwenyewe alikuwa akimenya matoke mlangoni, na kisu chake hakikusimama hata mara moja.

Halafu baba mkubwa akanigeukia. "Wewe ndiwe unayesoma sayansi kwa ada zetu. Tuambie basi, kwa nini paa hili limelegea?"

Nilijibu, "Ni uzee, baba mkubwa."

Watu wakatikisa vichwa, wakaridhika. Lakini mimi sikuridhika, maana nilijua kwamba sikujibu kitu. Uzee si sababu. Kanisa kuu la Lubaga lilianza kujengwa mwaka 1914, likawekwa wakfu mwaka 1925. Ni zee kuliko nyumba yetu kwa miaka mingi, na kilele chake kimenyooka. Nikaomba ruhusa, kwa adabu, nimlete fundi mmoja atazame kabla ya ukoo kukata shauri. Baba mkubwa akakubali. Alisema, "Kutazama hakuna gharama."

Fundi niliyemleta ni mzee aliyejifunza useremala akiwa kijana huko Jinja, akafanya kazi miaka mingi Nairobi na Mombasa. Husema Kiswahili cha makarakana. Jajja, ambaye kama wazee wengi wa Buganda hukiona Kiswahili kuwa ni lugha ya askari, alikunja uso aliposikia tukizungumza. Lakini mimi nimeyaandika haya katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu kwa sababu hiyo hiyo: majina ya viungo vya paa niliyapata kwa Kiswahili, na mpaka leo baadhi yao siyajui kwa lugha nyingine yoyote. Kenchi ni zile pembetatu za mbao zinazolibeba paa. Papi ni mbao nyembamba zinazopita juu ya kenchi, ambazo mabati hupigiliwa juu yake. Mtambaapanya ni ubao unaolala juu ya ukuta, ambao miguu ya kenchi huukalia. Na jina lake lenyewe laeleza ni nani mwingine anayeutumia usiku.

Mzee yule hakupanda juu mara moja. Kwanza alizunguka nje, akaning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta, akaonyesha kwamba kichwa cha ukuta wa sebule kimeegemea nje kwa upana wa vidole viwili. Halafu akapanda darini na kisu. Kila ubao aliuchoma kwa ncha ya kisu. Palipokuwa na uzima kisu kilikataa. Palipokuwa na uovu kisu kiliingia kama katika ndizi. Kisha akaniita nipande, akanionyesha kenchi ya katikati. Ile boriti ya chini, inayoifunga miguu miwili ya kenchi, ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na vipande vyake viwili vikiwa vimebaki vimening'inia.

Hapo tukakumbuka. Miaka mingi iliyopita, ukoo ulitaka sebule iwe na dari ya juu ya kupendeza, na fundi mmoja aliona boriti ile inamzuia. Akaikata. Dari ikapendeza sana, watu wakamsifu.

Nilimwuliza mzee, "Boriti moja yaweza kuliangusha paa zima?" Hakunijibu. Alituteremsha mimi na binamu yangu mpaka sebuleni, akatuvua viatu, akatusimamisha tuelekeane tukiwa tumevaa soksi juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Akatuambia tugusanishe viganja na kuegemeana, miguu ikiwa mbali. Miguu yetu ikaanza kuteleza nyuma, na viganja vyetu vikashuka. Tulikuwa karibu kuanguka kifudifudi. Kisha akachukua shuka, akatufunga kifundo cha mguu wangu na kifundo cha mguu wa mwenzangu, akatuambia tuegemeane tena. Shuka ilikaza, nasi tukasimama imara, hata mtoto wa shangazi akaning'inia mikononi mwetu bila kutuangusha.

"Ninyi ndinyi kenchi," akasema mzee. "Shuka ndiyo boriti iliyokatwa. Ukuta wenu umesukumwa nje kwa sababu hiyo, na kilele kimeshuka kwa sababu hiyo. Nyumba hii haina uzee. Ina kidonda."

Ndugu zangu, nilitamani sakafu inimeze. Darasani tumechora mara ngapi ngazi iliyoegemea ukuta laini, tukahesabu nguvu inayouzuia mguu wa ngazi usiteleze? Mimi mwenyewe nililijibu swali lile katika mtihani nikapewa alama zote. Na kumbe ngazi ile ilikuwa juu ya kichwa changu kila likizo, ikiteleza taratibu, na mimi chini yake nikiweka beseni.

Yaliyobaki mzee aliyaeleza kwa maneno machache. Mabati yalipigiliwa misumari katika mabonde yake badala ya katika migongo, na maji hupita bondeni. Kwa hiyo kila msumari ulikuwa mfereji mdogo. Maji yaliozesha ncha za mbao mbili na kipande cha mtambaapanya, na mchwa, ambaye hapendi kitu kama ubao uliolowa, alikuja kula kilichoandaliwa. Kenchi mbili za pembeni zilikuwa nzima kabisa, mbao za mvule ngumu kama siku zilipowekwa.

Baba mkubwa alipopewa hesabu ya matengenezo, aliisoma mara mbili. Ilikuwa ndogo kuliko bei ya mabati peke yake ya vile vyumba vya kupangisha. Akasema, "Haya, jaribuni. Lakini likishindikana, tusirudie mazungumzo haya."

Kazi ilifanyika mwezi wa Januari, wakati wa jua. Nitaieleza kwa ufupi, huenda ikamfaa mtu. Tulisimamisha miti ya mkalitusi chini ya kenchi mgonjwa, nayo ikakaa juu ya mbao pana ili isididimie sakafuni. Chini ya miti miwili ya katikati tuliweka jeki mbili za gari tulizoazima kwa dereva wa lori. Mimi nilidhani tungeliinua paa siku moja na kumaliza. Mzee akakataa kabisa. Alisema ubao uliopinda kwa miaka hauwezi kunyoshwa kwa saa moja. Utapasuka, na ukuta utapasuka pamoja nao. Kilele kilikuwa kimeshuka inchi tatu. Basi kila asubuhi tuliinua robo inchi tu, tukasikiliza mbao zikilia, tukaacha mpaka kesho yake. Siku kumi na mbili. Wakati huo huo tulipitisha chuma kirefu chenye nati kutoka ukuta hadi ukuta, tukakikaza kidogo kidogo ili vichwa vya kuta virudi ndani. Havikurudi vyote, kidole kimoja kilibaki, na mzee akasema kidole kimoja ni kumbukumbu.

Paa lilipokaa sawa, tulitia boriti mpya mahali pa ile iliyokatwa. Mbao zilizooza ncha tulizikata mpaka penye uzima, tukazipachika ubavuni mbao mpya ndefu kwa bolti. Kipande cha mtambaapanya kilichooza kikatolewa, kingine kikaunganishwa. Mbao zote zilizo karibu na ukuta tukazipaka oili chafu ya gari. Mabati yenye kutu tukayabadili, na misumari yote ikapigwa migongoni. Dari ya kupendeza haikurudi. Sasa mtu akikaa sebuleni huiona boriti ikipita juu yake, naye Jajja ametundika tasbihi yake hapo.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa naomba niseme maoni yangu, maana sikushika kalamu kwa ajili ya kusifu nyumba yetu.

Kwanza, nasema kwamba sisi watu wa leo tuna mapenzi makubwa ya kujenga na mapenzi madogo ya kutunza. Wako wasemao kwamba hata jina la Lubaga latoka katika neno la Kiganda okubaga, yaani kupanga na kuanza kujenga. Ikiwa ni kweli, basi kilima chetu kilibatizwa vema, maana kila siku twaona nguzo mpya za saruji zikisimama. Siku ya kuweka jiwe la msingi watu huja na suti. Je, nani amewahi kualikwa katika sherehe ya kubadili mtambaapanya? Mtu akijenga atasifiwa. Mtu akiziba atasemwa kuwa hana fedha za kujenga. Ndiyo sababu kila mmoja wetu huisubiri nyumba mpaka ianguke, apate udhuru wa kujenga nyingine.

Methali ya usipoziba ufa twaijua sote tangu darasa la pili, tumeiandikia insha. Lakini naona tuna ustadi wa kuiandika kuliko wa kuitii. Tena ufa huonekana na mwenye nyumba akiwa amekaa kitini. Paa lataka mtu atoke nje, aende mbali kidogo, ainue macho.

Pili, anguko hutoa taarifa kabla ya kufika. Katika mji wa Unguja iko Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash. Mwaka 2012 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Krismasi, wakati matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ikaporomoka, na watu wawili wakafa. Sijui kazi za wahandisi wala simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kati ya onyo la kwanza na msiba palikuwa na miaka minane. Kati ya beseni langu la kwanza na mgongo wa punda palikuwa na miaka mitatu. Nyumba haina haraka ya kuanguka, hutungoja sana.

Wajenzi wa pwani walijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za zamani za Lamu na Unguja, paa ni bapa na zito, la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Mti wa mkoko hauwezi kuvuka nafasi kubwa ukiwa na mzigo ule, kwa hiyo vyumba vilifanywa virefu na vyembamba. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Sisi tulifanya kinyume: tulitaka sebule ya kupendeza, tukaiamuru boriti iondoke.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nyumba haisimami kwa mbao tu; husimama kwa watu wanaoijua. Huo mlima wa pili kutoka kwetu, katika wilaya hii hii ya Lubaga, ni Kasubi. Mutesa wa Kwanza alijenga kasri yake huko mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo katika nyumba kuu iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Baadaye wakazikwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Mwaka 2001 UNESCO iliiandika Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile ikaungua. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini Jajja hulieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza kifo cha ndugu, jinsi wanaume wazima walivyokaa chini barabarani wakalia.

Fedha zilipatikana, na nchi za mbali kama Japani zilisaidia. Lakini nyumba ile haiwezi kuezekwa na mtu yeyote mwenye ngazi. Ndani ya paa mna pete 52, kwa hesabu ya koo 52 za Buganda. Na kazi ya kuezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, wanaorithishana ujuzi mkono kwa mkono, mzee kwa kijana. Ujuzi wa namna hii haununuliwi dukani. Ilipasa vijana wafundishwe, wakae chini ya wazee, wakosee, warudie. Ni mwaka 2023 ndipo Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka kumi na mitatu! Huko Paris kanisa la Notre-Dame liliungua tarehe 15 Aprili 2019, na Desemba 2024 likafunguliwa tena, kwa sababu nyingi, na fedha nyingi ni mojawapo. Lakini sababu nyingine ni kwamba walikuwako maseremala waliokuwa bado wanajua kuchonga magogo ya mwaloni kwa shoka, kama yalivyochongwa zamani. Mwenye kuhifadhi mafundi amehifadhi paa ambalo bado halijaungua.

Basi turudi kwetu. Mzee aliyetutengenezea nyumba ana umri wa zaidi ya miaka sabini. Nilimwuliza ana wanafunzi wangapi. Akacheka. Alisema vijana huja kumwuliza bei ya mlango, lakini hakuna ajaye kuuliza kwa nini mlango unasimama. Na sisi tulio katika shule hii tumejifunza kusema neno fundi kwa sauti fulani ya chini, kana kwamba fundi ni mtu aliyeshindwa mtihani. Mzee yule hajapata kuliandika jina la nguvu hata moja katika karatasi, lakini aliziona zote zikipita ndani ya ule ubao. Mimi niliziandika zote, sikuona hata moja. Nani kati yetu aliyefaulu?

Nasikia mtu akisema, "Huyu ataka tukae katika magofu ya babu zetu." La, hasha. Si kila kitu cha zamani kinafaa kuokolewa. Mzee mwenyewe alituambia mapema kwamba kama kenchi zote tatu zingekuwa zimeliwa, au kama msingi ungekuwa umepasuka, angetushauri tubomoe, naye angekuwa wa kwanza kushika nyundo. Jirani zetu wa Namirembe wanatufundisha hayo. Kanisa lao liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Jingine walilolijenga baadaye likaungua kwa radi mwaka 1910. Hawakung'ang'ania kurudisha kile kile. Walijiuliza kilichowaangusha ni nini, wakajenga jipya, likamalizika mwaka 1919, nalo lingali limesimama. Kwa hiyo sisemi tengeneza daima, wala sisemi bomoa daima. Nasema: kwanza panda juu na kisu. Ubaya wa ule mkutano wetu wa ukoo haukuwa kwamba baba mkubwa alitaka kubomoa. Ubaya ulikuwa kwamba tulitaka kuihukumu nyumba kifo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepanda darini kuisikiliza.

Tena nawaambieni kweli, baba mkubwa hakushawishika mpaka leo. Siku ya mwisho, alipokuja kutazama kazi, alisimama nje muda mrefu akitazama kilele kilichonyooka. Kisha akaniambia, "Mmemwongezea mama muda. Nyumba hamkuiongezea kitu; siku moja tutavijenga vile vyumba." Labda ni kweli. Yeye ndiye mrithi, na ada za shule zina midomo mingi. Nami nilimjibu, "Ndiyo, baba mkubwa." Lakini moyoni niliona kwamba kumwongezea mtu muda katika nyumba yake mwenyewe, akisikia kengele zake mwenyewe asubuhi, si kazi ndogo ya kudharauliwa. Na usiku wa mvua ya kwanza ya Machi nilipopiga simu nyumbani, binamu yangu aliniambia kwamba Jajja aliyapanga mabeseni yote matatu mahali pake pa zamani, akakaa kitini akingoja. Alfajiri yalikuwa makavu. Akayachukua akaenda kufulia nguo.

Sasa ninayo maombi mawili, nami nimekwisha.

Kwenu, wanafunzi wenzangu: likizo ijayo, kabla hamjafungua masanduku, tokeni nje mwende hatua thelathini, mgeuke, mtazame kilele cha paa la nyumba yenu. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha ukiweza. Ning'iniza jiwe kwa kamba kando ya ukuta, hiyo ni timazi tosha. Omba kisu jikoni, uchome ncha za mbao. Mkiona uovu, semeni, hata kama mtaulizwa mtatoa nini. Jibuni kwamba mtatoa mikono. Na muhula ukianza, mtu aliyetazama paa moja alete habari zake darasani. Nadhani mwalimu wa fizikia hatachukia.

Kwenu, wazee wetu mliosoma hapa zamani: nawashukuru, maana najua wengi wenu hupeleka fedha nyumbani kila mwezi kwa simu, nazo hufika kabla chai haijapoa. Lakini naomba mjiulize fedha hizo zanunua nini. Yamkini zanunua mabeseni. Mama hatakwambia kwamba paa limebonyea, atakwambia yu mzima, namshukuru Mungu. Njoo mwenyewe siku moja, uje na ngazi. Na ukimpata fundi mzee anayejua kazi yake, usimlipe tu akaenda zake. Mpe na kijana wa kumshikia msumari, ili siku mzee atakapoondoka, ujuzi usizikwe pamoja naye.

Hayo ndiyo maoni yangu mimi mwanafunzi wa kidato cha sita, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ambaye bado hana nyumba yake. Aliye na maoni mengine na aandike, nami nitayasoma kwa furaha. Lakini nitamwomba jambo moja: kabla hajashika kalamu, na apande darini.